Acheni kutuuzia picha za buluu mkaziita nomali mapu (milango na kuta za Mji Mkongwe)

Asalaam alaykum wadau. Uzi huu ni wa hasira, anayetaka maneno ya asali apite zake.

Vifurushi vya teksta (picha za kuvika modeli za 3D) za "Zanzibar" vinavyouzwa na kuletwa kwenye miradi ya gemu vingi vina ugonjwa mmoja. Mtu anaupiga picha mlango wa kuchonga kwa simu, jua la saa saba, anaitia kwenye programu ya kubofya mara moja, inatoka picha ya buluu, anaiita nomali mapu na kuitia bei. Wapi! Nomali mapu ni data ya mielekeo: kila pikseli inaiambia injini ya gemu uso umeelekea wapi, ili mwanga uupige kana kwamba una kina. Nyekundu inasema uso umeelekea kulia au kushoto, kijani inasema juu au chini, buluu inasema umetazama nje kiasi gani. Pahala bapa panasomeka 128, 128, 255 (kwa kipimo cha 0 hadi 255). Programu ya kubofya haijui mwelekeo wowote, inajua mwanga na giza tu: peupe inapafanya kilima, peusi inapafanya shimo.

Sasa itieni hiyo kwenye majengo yetu muone. Ukuta wa mawe na chokaa una madoa meusi ya ukungu kila pahala maji ya mvua yanapoteremkia. Doa halina kina hata kidogo, lakini kwenye gemu linakuwa bonde. Msumari wa shaba unang'aa upande mmoja, basi mng'ao unaota kichuguu na nusu ya pili ya msumari inazama ndani ya mbao. Kivuli kilicho chini ya nakshi za kizingiti kinakuwa mtaro. Mchezaji anapita na taa mkono wa kushoto, ukuta unamwambia jua liko kulia. Halafu mnalaumu injini ya gemu!

Na ukuta kuupata sawasawa hakuhitaji pesa. Kamera juu ya tripodi, mipangilio yote ya mkono, kichochoroni penye kivuli au usiku, taa moja unaihamisha pande nne: kulia, kushoto, juu, chini. Taa iwe mbali kidogo na imeinama digrii 45. Piga RAW (data ghafi ya kamera), au geuza picha kwanza ziwe za mwanga halisi, kwa sababu JPEG ya kamera imeshapindwa thamani zake na hesabu haitatoka. Zifanye nyeusi na nyeupe. Chukua ya kulia, toa ya kushoto, gawa kwa jumla ya hizo mbili: huo ndio mteremko wa mlalo. Fanya vivyo hivyo kwa juu na chini, upate wa wima. Weka 1 kwenye nafasi ya tatu, sawazisha urefu wa vekta uwe 1, zidisha kwa 0.5, ongeza 0.5. Basi. Doa jeusi linajifuta lenyewe, maana ni jeusi katika picha zote nne na ule mgao unaliondoa. Njia hii inafaa plasta, jiwe kavu, mkeka wa ukili. Haifai kitu kinachong'aa wala nakshi zenye kina kirefu, kwa sababu huko vivuli vinafunika data.

Kwa hiyo mlango unachongwa. Ndiyo, unachongwa, kwenye Blender (programu ya 3D) au mnakojua, modeli nzito yenye nakshi zote upande mmoja na modeli nyepesi ya gemu upande wa pili, kisha unabeki, yaani unahamisha umbo la nzito kwenye nomali mapu ya nyepesi. Na hapa ndipo makosa yanapomwagika.

Kubwa kuliko yote: kuta za nakshi zinazosimama wima kabisa. Miale ya kubeki inatoka kwenye uso wa modeli nyepesi kwenda moja kwa moja. Ukuta wa digrii 90 hauonekani kwake hata pikseli moja. Mnaleta mnyororo na maua ya kizingiti yamegugunwa kama karatasi iliyokatwa, bila ukingo. Lazeni pembeni kidogo, ziwe na mteremko, ukingo wa juu uviringwe. Nakshi ikionekana "laini mno" kwenye modeli nzito, mara nyingi ndiyo itakayosomeka vizuri kwa mbali.

La pili ni kingo. Fremu na mfaa ni maboksi yenye pembe kali. Ukiacha pembe zote zimelainishwa, nomali mapu inalazimika kupigana na ulaini ule na kujaa rangi zinazobadilika polepole, ambazo kompresheni inazikata vipande na kuonyesha mistari. Ukifanya ukingo mkali, kata UV (ramani inayotandaza modeli juu ya teksta) pahala hapo hapo, bila hivyo mshono utaonekana. Usikate UV kila pahala ukidhani ndiyo usalama. Acha pambizo la pikseli 16 kuzunguka kila kipande cha UV kwa teksta ya 2048, 8 kwa ya 1024, la sivyo rangi za jirani zitaingia mchezaji akisogea mbali.

Gawa modeli nyepesi kuwa pembetatu KABLA ya kubeki na utoe pembetatu zile zile. Programu mbili zikigawa pembenne kwa njia tofauti, mlango bapa unapata alama ya X. Tanjenti (mihimili inayosema kulia na juu ya uso ni wapi) ziwe za MikkTSpace, kanuni moja ya kuzihesabu, kwenye kubeki na kwenye gemu. Blender na injini ya Unreal zinaitumia, kwenye xNormal (programu ya kubeki) mnaichagua wenyewe.

Misumari: chonga mmoja, ziache nakala zake zielee juu ya mbao bila kuziunganisha. Nomali itatoka safi. Ila vivuli vya mgusano visibekiwe na hiyo misumari inayoelea, vitaacha pengo la ajabu pembeni yake. Bawa la kulia na la kushoto likitumia UV moja iliyogeuzwa, sogeza UV za nakala moja kwa kipimo 1 kamili nje ya sanduku la UV wakati wa kubeki. Na ukishabeki, usizungushe kipande cha nomali mapu kwenye programu ya picha. Pikseli zinazunguka, mielekeo iliyomo ndani haizunguki.

Haya, tuje kwenye kukabidhi, maana mtu anaweza kufanya yote hayo na kuiua kazi dakika ya mwisho.

Kijani. Blender na injini za Unity na Godot zinataka kijani kikiongezeka uso uwe umetazama juu, Unreal inataka chini. Ukikosea, kila kilichotokeza kinaonekana kimebonyea taa ikiwa juu. Kupima ni rahisi: fungua chaneli ya kijani peke yake. Msumari ukionekana umemulikwa kutoka juu, ni ya OpenGL (mtindo wa kijani juu). Kutoka chini, ni ya DirectX (kijani chini). Mbona hampimi?

Sipesi ya rangi. Nomali mapu isisomwe kama sRGB, yaani kama picha ya rangi ya kawaida. Kwenye Blender weka Non-Color, kwenye Unity aina ya teksta iwe Normal map, kwenye Unreal zima sRGB. Thamani ya 128 ikisomwa kama rangi inashuka kutoka 0.5 hadi karibu 0.216, yaani uso bapa unajikuta umeelemea kona kwa −0.57. Ndiyo maana mlango wenu una kivuli hata mchana kweupe.

Na jamani, WhatsApp! Faili ya nomali inatumwa kama picha, inafika JPEG iliyobanwa, rangi zimechanganywa viboksi viboksi. Itumeni kama dokumenti au kwenye hifadhi ya mtandaoni, PNG au TGA. Modeli yenye miteremko ya polepole ibekini biti 16.

NYONGEZA: Aliyesema hapo chini "mchezaji wa simu haoni tofauti". Anaiona, tena zaidi, kwa kuwa simu ina taa chache na nomali mapu ndiyo inayobeba umbo lote. Teksta ya 2048 isiyobanwa ni MB 16. ASTC (kompresheni ya teksta za simu) ya viboksi vya pikseli 4x4 inaifanya MB 4, ya 6x6 karibu MB 1.8, kabla ya kuongeza thuluthi ya mipu (nakala ndogo ndogo za kutazamwa kwa mbali). Kwa ukuta 6x6 inatosha. Kwa nakshi za mlango kaa kwenye 4x4, punguza kwengine.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza namna ya kuongeza nyufa ndogo juu ya nomali iliyokwisha bekiwa: usitumie "overlay" (mchanganyo wa programu ya picha) ukaondoka. Jumlisha nyekundu na kijani za mapu mbili (zikiwa kati ya −1 na 1), zidisha buluu kwa buluu, kisha sawazisha urefu. Jina la faili limalizie na _ogl au _dx. Isiyo na alama hiyo inarudi kwa mwenyewe bila kufunguliwa.