Stella alpina itakubali Malindi? Naomba ushauri

Mtunza Bustani, Casuarina
Asalaam aleikum wenzangu. Natunza bustani ya mama mmoja wa Kiitaliano, mwaka wa 12 sasa. Marehemu mumewe alizaliwa milimani, na safari hii mama amerudi na pakiti ya mbegu za stella alpina, ua ambalo wengine huliita edelwaisi. Analitaka kando ya kibaraza alipozoea kukaa mumewe. Nilitia mbegu kwenye vyungu vya udongo mwekundu na samadi. Miche michache ilichomoza, wiki ya tatu ikalala na kuoza shinani. Pakiti imebaki nusu. Nakosea wapi? Sipendi kumvunja moyo.

Mkulima wa Gede
Samadi iondoe kabisa. Ua hilo ni la miamba: huko Alpi huota kwenye nyufa na kokoto za mawe ya chokaa, kama mita 1,800 hadi 3,000 juu ya bahari. Matumbawe yetu nayo ni chokaa. Yaponde, osha chumvi, changanya na mchanga. Mbegu usizifukie, zataka mwanga. Kabla ya hapo zikae kwenye mchanga mbichi ndani ya friji wiki tatu au nne.

Bi wa Shela
Kaka, kuota zitaota, kudumu ndiko kugumu. Ule weupe si wa ua lenyewe. Ni majani yenye manyoya, yanayoukinga mmea na jua kali la juu na ukavu. Maua hasa ni vile vidogo vya manjano katikati. Sasa joto letu la Machi, nguo zenyewe hazikauki mwilini, manyoya hayo yatakaukaje? Na miezi ya kulala chini ya theluji utaipata wapi? Mwambie kweli mapema. Edelwaisi ikikaushwa haipotezi umbo, basi jamaa zake wamletee moja ya bustanini (ya mlimani nchi nyingi zimekataza kuchuma), aiweke kwenye fremu. Kibarazani panda mkilua. Ni wetu wa pwani, na harufu yake jioni utaijua mwenyewe.

Baharia
Mbegu za kutoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea. Muulize mama.

Mtunza Bustani, Casuarina
Ahsanteni sana. Kumbe samadi niliyoitia kwa mapenzi ndiyo iliyoiua! Kibali nitamuuliza, na akishuka kibarazani leo jioni nitamweleza yote. Bi wa Shela, Ijumaa naja Lamu. Mche wa mkilua niuulizie wapi?