Utitiri mwekundu kwenye nyanya: huyu ni mdudu au si mdudu? Mbona dawa ya wadudu haimgusi?

Kahe Chini:
Habari za mchana wadau. Nyanya ziko Kahe, zina wiki ya nane. Majani yameota vitone vya manjano, yanakauka kuanzia chini, na nyuma ya jani kuna utando kama wa buibui. Zimepigwa dawa ya wadudu mara tatu ndani ya wiki mbili na hali inazidi. Duka la pembejeo wanasema "mdudu ni mdudu, ongeza kipimo". Lakini nikiwakuza kwa kamera ya simu nahesabu miguu minane, na daftari la mtoto wa darasa la tano linasema mdudu ana miguu sita. Sasa mdudu ni nini hasa? Na hiyo tofauti ina kazi gani shambani?

senene_mkavu:
Mkuu, daftari la mtoto liko sahihi kuliko duka. Hao ni utitiri mwekundu. Ukoo wao ni wa kupe, buibui na nge.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu "mdudu" kinabeba kila kitambaacho: tandu, jongoo, kupe, minyoo, hata homa tunasema imeletwa na vidudu. Mtu wa sayansi akisema mdudu anamaanisha kundi moja tu, ingawa ni kubwa: aina zilizokwisha kupewa majina zinafika kama milioni moja.

Kamata panzi mmoja umlaze kwenye kiganja. Mwili una sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Kichwani kuna papasi mbili (zile nyuzi za kunusia na kugusia) na macho makubwa mawili, kila moja likiwa limeundwa na vijicho vingi vidogo. Miguu yote sita imeota kifuani, jozi tatu, na mabawa nayo yanatoka hapo hapo kifuani. Tumboni hakuna mguu. Sasa tazama ubavuni mwa tumbo: kuna vitundu vidogo vimejipanga, kila pingili na vyake. Hivyo ndivyo pua zake. Hana mapafu, hewa inaingia kwenye vitundu na kusambaa mwilini kwa vijirija.

Mifupa yake iko nje. Lile gamba limepakwa nta nyembamba inayozuia maji ya mwili yasitoke. Ndiyo maana majivu makavu yanasaidia kwenye maharage ya akiba: yanakwangua ile nta, bungua anakauka. Majivu yakipata unyevu, kazi imekwisha. Na kwa kuwa gamba halinyooki, mdudu hakui mpaka ajivue.

Utitiri hana papasi, hana mabawa, hana kifua kilichojitenga na tumbo. Ni kidonge kimoja chenye miguu minane, urefu wake karibu nusu milimita.

Mama Mche:
Naongezea kwa senene_mkavu, maana kuhesabu miguu peke yake kunaweza kukupoteza.

Kiwavi ukimhesabu haraka utapata miguu hadi kumi na sita. Ya kweli ni ile sita ya mbele, myembamba yenye pingili. Hiyo minene ya nyuma ni vikanyagio vya nyama tu, akigeuka kipepeo au nondo vinapotea. Funza wa nzi hana mguu hata mmoja, naye ni mdudu kamili. Kinyume chake, kupe aliyetoka kwenye yai leo ana miguu sita! Miwili ya mwisho inakuja baada ya kujivua mara ya kwanza. Utitiri hivyo hivyo. Kwa hiyo hesabu kwa mkubwa, na ukiwa na shaka tafuta papasi kichwani: kupe hana, hata akiwa na miguu sita. (Kiswahili nacho kina utani wake: "papasi" ni jina la kupe mmoja pia, yule wa nyufa za nyumba za udongo anayeleta homa ya papasi.)

Mabawa nayo si kipimo. Wengi wana jozi mbili, nzi na mbu wana jozi moja, chawa na kiroboto hawana kabisa.

Bomba la Mgongoni:
Nije kwenye dawa, maana hapo ndipo hela inapopotea.

Soma jina la sumu yenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina la biashara. Likiishia na "thrini" (saipamethrini, deltamethrini na wenzao), wengi wa jamii hiyo wanaua wadudu vizuri lakini utitiri kwa shida. Kibaya zaidi, wanaua utitiri rafiki na wadudu wanaokula utitiri mwekundu. Ukipiga mara tatu umewafagilia njia. Kwa hiyo "ongeza kipimo" ni ushauri wa kumwongeza adui. Imidaklopridi nayo ni ya vidukari na nzi weupe, utitiri haiwatishi.

Angalia pia majina mawili yanayofanana: abamektini na emamektini. Ya kwanza inapiga utitiri. Ya pili ni ya viwavi. Ukitaja kwa haraka dukani unaweza kurudi na isiyo yako. Salfa ya kuchanganya na maji nayo inafaa, ila usipige jua likiwa kali juu ya nyuzi 30, na usiipige ndani ya wiki mbili za dawa yoyote yenye mafuta, majani yanaungua.

Kipimo: usipime kwa kizibo, vizibo havilingani. Tumia sirinji. Lebo ikisema mililita 50 kwa lita 100, bomba la lita 20 linachukua mililita 10, la lita 16 linachukua 8. Geuza pua ya bomba itazame juu, maana wako nyuma ya jani. Ukipiga juu tu umeosha vumbi. Piga jioni: abamektini inaharibiwa na jua, na nyuki wakati huo wamerudi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu mayai mengi yanabaki, na raundi inayofuata badili kundi la sumu. Hakikisha chupa ina usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), wale wa Ngaramtoni, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kahe Chini:
Asanteni sana. Kuna na kantangaze kidogo. Naweza kuwapiga wote kwa sabuni ya maji?

Mama Mche:
Utitiri na vidukari ndiyo, kantangaze hapana. Sabuni haichagui ukoo: inaharibu ngozi na nta ya chochote chenye mwili laini kinacholowa. Mililita 10 kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye majani machache usiku mmoja kwanza. Sabuni ya unga ya kufulia usiguse.

Kantangaze ni nondo, na nondo anapita hatua nne: yai, kiwavi, pupa, mkubwa. Kiwavi anakula akiwa ndani ya jani, sabuni haimfikii. Pupa wengi wako kwenye udongo. Tangu alipoonekana nchini mara ya kwanza, Ngarenanyuki 2014, kinachosaidia ni kuchanganya mbinu: mtego wa harufu ya jike kwa kuwajua madume wameanza lini, kung'oa majani yenye michirizi na kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani, na dawa ya viwavi wakiwa bado wadogo.

Bomba la Mgongoni:
Na kabla ya kununua chochote, weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga mara tatu. Nukta zinazotembea ndio hao. Fanya kwa majani kumi ya sehemu tofauti, andika idadi, kisha rudia siku ya tatu baada ya kupiga. Usisahau maji: nyanya yenye kiu na mstari wa kando ya barabara wenye vumbi ndiko wanakoanzia.