Naomba ushauri: kuandaa pikapu ya kumfuata mdogo wangu anayekimbia Chimala mpaka Makete

Wakuu habari za saizi, mdogo wangu anataka kukimbia mbio kutoka Chimala huku Mbeya, apande zile kona 57 za barabara ya mlimani mpaka Matamba, akatishe uwanda wa juu wa Kitulo ashukie Makete, na mimi ndo ntakua namfuata na Hilux yetu singo kabini. Nyuma nataka pawe pa kulala, nipige chaga ya mbao, chini yake madumu ya maji na viazi na ndizi zake, juu turubai.

Kinachoniumiza kichwa ni baridi. Kule juu ni kama mita 2,600 na mwezi wa sita wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani, mtu ametoka kukimbia jasho limemlowesha akilala kwenye turubai tupu si ataumwa jamani? Fundi mmoja hapa Uyole anasema tuweke jiko la mkaa humohumo ndani, nimekataa kabisa, hewa ya mkaa inaua mtu usingizini na wala haina harufu. Bora mtungi mdogo wa gesi, napikia nje nyuma ya gari.

Sasa waliowahi kulala kwenye gari huko, turubai nishonee blanketi kwa ndani au nichomelee bodi ya bati kabisa? Na sola kwenye ule ukungu inachaji betri kweli au nichaji kwa gari tu?