Tasi kubadilika rangi akitolewa majini: ni neva au ni homoni?

mtu_wa_chumbageni
Waungwana habari za saa hizi. Pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, ukikuta tasi bado wazima kwenye ndoo utaona mabaka meusi yanakuja yanapotea, dakika hiyo hiyo. Darasani tuliambiwa simpathetiki, yaani neva zinazoendesha mwili bila sisi kuamua, inatoka kwenye uti wa mgongo kuanzia kifuani mpaka kiunoni, sasa samaki kifua hana kiuno hana, neva zake zinachomokea wapi?

neva_na_mapezi
Hahaha kiuno hana kweli. Ila kwa samaki wa mifupa mpangilio unafanana na wetu, seli ya kwanza iko ndani ya uti wenyewe, uzi wake unatokea upande wa tumboni unaingia kwenye mnyororo wa vifundo vya neva uliolala kulia na kushoto chini ya pingili za uti wa mgongo, hapo seli ya pili inapokea inapeleka kwenye matumbo, mishipa ya damu, ngozi. Mnyororo wao unapanda mpaka ndani ya kichwa, wetu unaishia shingoni.

Kwenye rangi sasa ndo patamu. Mwaka 1911 Karl von Frisch, huyo huyo aliyekuja kupewa Nobel 1973 kwa mambo ya nyuki, alichunguza kisamaki cha maji baridi cha Ulaya akakuta nyuzi za neva zinazoongoza rangi zinatoka kwenye ubongo zinashuka ndani ya uti hadi karibu pingili ya 15, zinatokea hapo tu, zikishaingia kwenye mnyororo nyingine zinarudi mbele kichwani nyingine zinaenda mkiani. Ukikata uti kabla ya hapo samaki anakuwa mweusi mwili mzima, ukikata baada ya hapo wala hashtuki, rangi inaendelea kama kawaida.

mtu_wa_chumbageni
Mweusi tena? Mi nilijua neva ikikatwa atapauka

neva_na_mapezi
Hapana mkuu, neva ndo inayompausha. Inamwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka amri ya neva, chembe nyeusi zinajikusanya katikati ya seli za rangi za ngozi, amri ikikatika zinasambaa tena. Homoni nazo zimo ila haziwezi kwenda na kasi ya ndoo yako.

bi_mwambao
Na papa je? Mbona yeye sijamuona akicheza na rangi hivyo

neva_na_mapezi
Papa mwingine kabisa dada. Mnyororo wake haufiki kichwani na hana zile nyuzi za kutoka kwenye vifundo kwenda ngozini, rangi yake anaachiwa homoni, kwa hiyo akibadilika ni taratibu sana, ukikaa kumsubiri utachoka.