Binti anasema balbu ya kwanza "inakula" umeme, nimweleweshe vipi?

MamaWawili: Wakuu, naomba msaada. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Jana tulikaa mezani na betri mbili za volti 1.5, waya na balbu mbili za tochi zinazofanana. Balbu moja iliwaka vizuri. Alipounga ya pili kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia ileile ya waya, zote zikafifia. Akasema, "Mama, hii ya kwanza inakula umeme, mwenzake anapata makombo." Nikamwuliza, mbona zimefifia sawasawa? Akanyamaza, nami nikaishia hapo. Tena kwenye vyanzo vya nishati kaandika "betri", akakosa. Sitaki akariri tu.

FundiSakiti: Dada, hilo swali lako ndilo jibu. Mkondo wa umeme ungekuwa unaliwa, balbu ya pili ingefifia zaidi. Mwambie abadilishane nafasi za balbu, kisha ageuze betri zote mbili. Ukipata ammita, yaani kipima mkondo, pima kabla ya balbu, katikati na baada: namba ni ileile.

Mimi hutumia mnyororo wa baiskeli. Pingili zilizokwenda ndizo zinazorudi, gurudumu halimezi hata moja. Anayechoka ni mguu, na hapo mguu ni betri. Kinachotumika ni nishati, si mkondo. Ukiongeza balbu kwa mfululizo umeongeza ukinzani, yaani kinachozuia mkondo, kwa hiyo mnyororo mzima unapunguza mwendo, na zile volti 3 zinagawanyika, 1.5 kwa kila balbu.

MamaWawili: Kabadilisha mara tatu, mwanga uleule! Kisha akaziunga sambamba, kila balbu na njia yake kwenye betri, zote zikawaka vizuri. Sasa anauliza: hapo nani anaumia?

FundiSakiti: Betri. Kila balbu inapata volti 3 zake, kwa hiyo mkondo unaotoka kwenye betri ni karibu mara mbili, na betri itaisha mapema. Angalizo: asiunge waya mtupu ncha kwa ncha ya betri, utapata moto na kuunguza vidole. Soketi ya ukutani asiiguse kabisa, ile ni volti 100 hadi 240 kutegemea nchi, na inaua.

Mwl_Fizikia: Nidakie la vyanzo. Betri ni ghala la nishati ya kikemia, mtu kaijaza kwanza kiwandani au kwenye chaja. Mfundishe kuuliza "na kabla ya hapo?" mpaka afike mwisho. Makaa ya mawe, nyuklia na jotoardhi (joto la chini ya ardhi) hutoa mvuke unaozungusha mtambo wa umeme; maji na upepo huuzungusha moja kwa moja. Ndani ya mtambo ni sumaku na koili, yaani waya uliosokotwa; kimoja kikizunguka karibu na kingine umeme unatokea, jambo alilogundua mwanasayansi Faraday mwaka 1831. Paneli za sola ndizo hazizungushi chochote.

Mkipata baiskeli yenye dainamo, kile kimtambo kinachozungushwa na gurudumu kuwasha taa, mwinue gurudumu, azungushe pedali kwa mkono taa ikiwa imezimwa, kisha muiwashe. Atasikia pedali inavyokuwa nzito ghafla. Uzito ule ndio umeme unaotoka mkononi mwake.

MamaWawili: Ya jirani ilikuwa nayo. Taa ilipowaka akasema, "Mama, inanivuta!" Nikamwuliza, na mkono kabla ya hapo? Chakula. Chakula? Mmea. Mmea? Jua. Kisha akanigeuzia: na jotoardhi nayo ni jua?

Mwl_Fizikia: Hapana, mama. Ni joto la tangu dunia ilipoumbwa, pamoja na la elementi kama urani na thori zinazovunjika humo ndani. Mwambie swali lake limenifurahisha sana.