Waliotumwa nje kwa kazi ya Injili, mliishije na wamisionari wenzenu? Tupeane uzoefu

MamaMchungaji

Bwana asifiwe wapendwa.

Mimi na mume wangu tulitumwa Ujerumani, tukakaa miaka mitano katika usharika mmoja karibu na Wuppertal, ule mji wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901. Wazee wetu wa Usambara walipokea wamisionari wa Kijerumani mwaka 1891. Leo sisi ndio tunaokwenda kwao, maana UEM (United Evangelical Mission), chama cha umisheni kilichotutuma, tangu 1996 si cha Wajerumani peke yao tena. Makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yamekaa meza moja na yanatumiana watumishi.

Tangu turudi, kila tunapoitwa kushuhudia tunaulizwa habari za baridi na za makanisa kukosa watu. Hakuna aliyewahi kutuuliza jioni tulikuwa tunakula na nani. Kwangu hilo ndilo swali lenyewe.

Miezi ya mwanzo hakuna aliyepiga hodi. Si kwamba walituchukia. Kule mgeni hupangiwa siku, hata kama ni jirani wa ukuta mmoja. Mimi niliendelea kupika sufuria ya watu wanane, kwa mazoea, na kila usiku namwaga. Siku moja simu ikalia, mama Mbatak kutoka Sumatra, Indonesia, naye mke wa mchungaji aliyetumwa kama sisi, mji wa pili kwa treni. Hakuuliza huduma inaendeleaje. Aliuliza, kwa Kijerumani chake kibovu kama changu, "Leo mmekula nini?" Nililia kabla sijamjibu.

Kuanzia hapo kila Jumatatu tulikuwa kwao au wao kwetu. Yeye analeta pilipili yake ya kusaga, mimi nasonga ugali wa unga wa polenta, maana sembe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mwisho tunasali Baba Yetu, kila mtu kwa lugha ya kwao, kwa pamoja. Kiswahili kilikuwa kinamaliza mapema. Tunakaa kimya, macho tumefumba, tunawasubiri Wabatak wafike kwenye amina ili tuiseme wote.

Nani mwingine ana simulizi? Yale machungu nayo yaandikeni.

MvukaRuvuma

Shalom mama. Umesema machungu, basi ngoja niseme.

Nilivuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda Msumbiji, kabla Daraja la Umoja halijafunguliwa 2010. Tulikuwa wainjilisti wawili, chumba kimoja cha udongo, pikipiki moja. Mwenzangu alikuwa na mkono wazi. Mwenyeji akiomba kusombewa gunia la mahindi, anasombewa. Mimi nilikuwa nahesabu mafuta, kwa sababu ya kununulia mengine hatukuwa nayo, na fedha za kutoka nyumbani zilichelewa mpaka miezi miwili. Ufunguo ulikuwa unakaa kwenye msumari juu ya mlango. Nikautoa, nikaanza kulala nao mfukoni.

Wiki tatu hatukusemezana. Asubuhi na jioni tunasali pamoja, tunapokezana kusoma zaburi, tukisema amina kila mtu na njia yake. Na katika wiki hizo hizo niliandika barua ya maombi kwa kanisa lililotutuma: tunaendelea vizuri, upendo umetawala, watu kadhaa wameokoka. Waliookoka walikuwa wa kweli. Ule upendo niliuandika nikijua ninasema uongo.

Kisha malaria ikaniangusha. Usiku nilianza kuweweseka. Nilipopata fahamu kumekucha, dawa zipo pembeni ya mkeka, na mwenzangu amelala ameegemea ukuta, miguu ina matope mpaka magotini. Zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwenda peke yake, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikajipapasa, ufunguo bado umo mfukoni. Nikamwamsha nikamwuliza kwa nini hakuuchukua. Akasema, "Uliuficha wewe, kaka. Ningeutoaje bila wewe kunipa?"

Niliurudisha kwenye msumari siku hiyo hiyo. Tulikaa miaka minne zaidi pale, na yeye ndiye aliyesimama upande wangu siku ya harusi yangu.

WaKisauni

MvukaRuvuma umenikumbusha Krapf na Rebmann, wale wamisionari wa Kijerumani wa zamani huku pwani ya Kenya. Krapf alifika Mombasa 1844, na ndani ya miezi michache akamzika mkewe Rosina na mtoto mchanga, huku upande wa bara. Kaburi lipo Nyali mpaka leo, hupita hapo mara nyingi. Alibaki bila mwenzi wa kazi hadi Rebmann alipokuja 1846. Siku waliyoenda kuanza kazi Rabai wote wawili walikuwa na homa. Huwa nawaza hiyo miaka miwili katikati. Tunafundishwa kamusi na tafsiri alizozifanya, lakini alikuwa anakula na nani?

SistaWaMbali

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni mtawa, Mkenya, nilikaa Mongolia miaka saba. Wakatoliki wa nchi hiyo nzima ni kama 1,500, wachache kuliko parokia moja ya kawaida ya kwetu. Papa Fransisko alipowatembelea Septemba 2023, wengi walishangaa amefuata nini. Sisi tuliowahi kuishi huko hatukushangaa.

Tulikuwa masista wanne wa mataifa manne. Miaka miwili ya kwanza kazi yako ni lugha tu. Nyumbani nilikuwa mwalimu mkuu, huko nakaa darasani nikitafuta neno la kuombea maziwa dukani. Hapo ndipo unamjua mwenzako, wote mkiwa hamna cheo wala maneno.

Januari baridi inashuka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Hema tulilokuwa tunasali ndani yake lina jiko katikati, na moto ukizimika usiku, maji ya ndoo yanaganda. Kwa hiyo tuliwekeana zamu ya kuamka saa tisa kuchochea. Usiku mmoja nilishtuka, zamu si yangu, nikamkuta mwenzangu wa Kolombia amekaa mbele ya jiko. Mama yake alikuwa amezikwa siku hiyo. Kwenda haikuwezekana. Sikuwa na Kihispania cha kumfariji, na Kimongolia chetu kilikuwa cha sokoni. Nikatia kuni, nikachemsha chai ya maziwa yenye chumvi, kama wanavyokunywa wenyeji, nikampa kikombe kwa mkono wa kulia kama wanavyopeana wao. Tulikaa hivyo mpaka masifu ya asubuhi.

MtuWaRungwe

Fupi tu. Sisi Wamoravian tuna lile andiko la Biblia la kila siku linalochaguliwa kwa kura ya bahati huko Herrnhut, Ujerumani, limechapwa tangu 1731. Nilipokuwa Zambia mke wangu alibaki Tukuyu miezi minane ya kwanza. Mtandao ukishika, tulikuwa tunaanza na andiko la siku, shida baadaye. Kuna siku salio liliisha kwenye andiko. Tuliridhika.

BintiWaMpishi

Mimi sikutumwa popote, ila naomba kuchangia.

Mama yangu alipikia wamishenari miaka kumi na minane, kituo kimoja hapa Kenya, sitakitaja. Walikuwa akina dada wawili, mmoja nesi mmoja mwalimu. Walipendana sana na kila Alhamisi wenzao walikuja nyumbani kwao kuomba. Mama alioka skonzi, akapeleka chai sebuleni, akarudi jikoni kuomba peke yake. Mama alikuwa mwamini tangu msichana. Hakuna aliyemwambia kaa.

Kisha yule mwalimu akaenda likizo kwao, akaugua, hakurudi tena. Alhamisi ya kwanza baada ya habari kufika, nesi hakwenda sebuleni. Aliingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa, akamwambia mama, "Niombee kwa Kikamba. Kiingereza changu kimeisha." Mimi nilikuwa na miaka tisa, nachambua mchicha mlangoni. Baada ya siku hiyo maombi ya Alhamisi yalihamia jikoni. Wale wenzake, wapo waliokuja na wapo walioacha.

MamaMchungaji

Binti, nimesoma mara mbili. Mama yupo?

BintiWaMpishi

Yupo, ana miaka 81. Nesi naye yupo, kwao, hatembei tena. Anapiga simu Alhamisi. Mama anaweka spika, anaishusha simu juu ya meza ya jikoni, anaanza kuomba.