Mama anataka kuona soko la Waingereza. Ludlow inafaa?

Mtoto wa Lushoto:
Habarini wakuu. Mama anakuja mwezi wa nne, mimi niko Birmingham. Ameuza viazi na kabichi sokoni Lushoto miaka thelathini, na ameniambia wazi kwamba London hana haja nayo, anataka kuona wenzake wa huku wanauzaje. Nimetajiwa mji wa Ludlow. Magoti yanamsumbua na gari sina. Naombeni ushauri.

Nesi wa Shropshire:
Mlete, ndugu yangu. Nimeishi pale miaka minne. Soko ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, meza zinapangwa mbele ya lango la ngome. Treni mtabadilisha Shrewsbury. Toka stesheni ni mwinuko mtupu, mama apande teksi. Ngome ilianzwa na Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, karne ya 11. Ngazi zake za mawe ni nyembamba na zinazunguka, hizo aziache, uani panamtosha.

Ila usimrudishe bila kuingia kanisa la St Laurence. Kwaya ina viti vya mbao vya kuinua, na chini ya kila kiti kuna mchongo wa zaidi ya miaka 500. Mtafutie ule wa mama muuza pombe aliyepunja wateja: shetani amembeba begani anampeleka motoni, na kopo lake la kupimia bado kalishika! Siku niliyouona nilimkumbuka marehemu mama yangu Morogoro, alivyokuwa akijaza kisado cha mchele mpaka kifanye kilima. Nilikaa pale muda mrefu.

Mchunga Njia:
Nesi kasema vizuri. Mimi naongeza Stokesay, nyumba ya kale yenye kuta za ngome. Ni kituo kimoja tu kaskazini, mnashukia Craven Arms, halafu teksi tena. Laurence wa Ludlow alipewa ruhusa ya mfalme mwaka 1291 kuijengea kuta nyumba yake hiyo, na hakuwa mtu wa vita, alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Kondoo mtakaowaona vilimani njia nzima, mwezi wa nne wakiwa na watoto wao, ndiyo biashara iliyoutajirisha mji ule.

Mkitaka kutembea shambani, njia za umma zinakatiza mashamba ya watu na mna haki ya kupita. Funga geti nyuma yako. Lakini nyingi zina vingazi vya mbao vya kuruka uzio, kwa magoti hayo hapana. Mpeleke daraja la Dinham, akae kando ya mto Teme aitazame ngome kutoka chini.

Mtoto wa Lushoto:
Asanteni sana. Tunakwenda Ijumaa. Nimempigia mama, kauliza kama yule wa kopo anaruhusiwa kupigwa picha, akawaonyeshe wenzake sokoni.

Nesi wa Shropshire:
Mimi nilipiga, hakuna aliyenikataza. Mwambie ainame kidogo, mchongo uko chini.